Namna ya Kupima Mvumo wa Redio wa Galaksi Yetu kutoka Malindi au Lamu

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kompyuta ya mkononi, kipokezi kidogo cha redio kinachochomekwa kwenye USB, mita chache za waya wa shaba, na subira ya kungoja mwezi mzima. Kazi yenyewe ni kupima mawimbi ya redio ya galaksi yetu, Njia Nyeupe, yaani yale yanayozaliwa pale elektroni za miale ya kosmiki zinapozungushwa na uga sumaku uliotanda baina ya nyota. Kuusikia mvumo si kazi, kwa kuwa kila redio isiyo na stesheni huvuma. Kazi ni kuthibitisha kwamba mvumo ulio nao unatoka angani wala si nyumbani kwa jirani, na ndiyo maana nimeupitia ujenzi upesi na kukaa zaidi kwenye uthibitisho.

Kabla ya kukata waya: unapima nini?

Miale ya kosmiki si mwanga, ingawa jina lake linadokeza hivyo. Ni chembe zinazosafiri kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Takriban tisa katika kila kumi ni protoni, nyingi kati ya zilizobaki ni viini vya heli, na elektroni ni kama asilimia moja tu. Victor Hess aliigundua mwaka 1912, alipopanda kwa puto hadi zaidi ya kilomita tano juu ya ardhi na kukuta mnururisho ukizidi badala ya kupungua. Kwa mpimaji wa redio ile asilimia moja ndiyo yenye maana, kwa sababu elektroni ni nyepesi mara 1,836 kuliko protoni, na kwa hiyo uga sumaku ukiipinda hutoa mawimbi mengi kupita kiasi yakilinganishwa na ya protoni yenye nishati ileile.

Uga wenyewe ni dhaifu mno. Baina ya nyota ni wa mikrogausi chache, tuseme tano, ilhali uga wa dunia hapa pwani ni takriban theluthi moja ya gausi, yaani una nguvu mara makumi ya maelfu zaidi. Lakini galaksi ina nafasi tele. Elektroni yenye nishati ya gigaelektronivolti moja (kipimo cha nishati ya chembe), ikiwa ndani ya uga wa mikrogausi tano, huzunguka katika duara yenye nusu kipenyo cha karibu kilomita milioni 6.7, ambazo ni mara kumi na saba hivi ya umbali wa kutoka hapa hadi mwezini, na katika mzunguko huo hutoa mawimbi yaliyokolea karibu na megahezi 23. Nishati ikiongezeka maradufu, masafa hayo huongezeka mara nne. Uga ukiongezeka maradufu, masafa huongezeka mara mbili tu. Kwa hesabu hiyo, mvumo utakaoupima kwenye megahezi 38 hutoka hasa kwa elektroni zenye nishati kati ya gigaelektronivolti moja na mbili.

Utaratibu huu huitwa mnururisho wa sinkrotroni, kwa jina la mashine za kuchapuza chembe, kwa kuwa mwanga wake ulionekana kwa macho kwa mara ya kwanza mwaka 1947 katika mashine ya aina hiyo, kwenye maabara ya General Electric huko Schenectady, Marekani. Mwaka 1950 Hannes Alfvén na Nicolai Herlofson, na vilevile Karl-Otto Kiepenheuer, wakapendekeza kwamba ndio chanzo cha mawimbi ya redio ya angani. Mawimbi yenyewe yalikuwa yamekwisha kupokewa miaka mingi kabla ya hapo. Karl Jansky, mhandisi wa Bell Telephone Laboratories, aliyapata kwa megahezi 20.5 huko Holmdel, New Jersey, na mwaka 1933 akatangaza kwamba yanatoka upande wa kundinyota la Mshale, lile ambalo wanajimu wetu wa pwani hulihesabu kuwa buruji ya Kausi. Baada yake Grote Reber alijenga uani kwao, huko Wheaton, Illinois, sahani yenye upana wa mita tisa na nusu. Alitafuta kwa megahezi 3,300 asipate kitu, akashuka hadi 900 asipate kitu, kisha akaupata mvumo kwenye megahezi 160. Kwangu mimi kushindwa kule kuwili kuna thamani kuliko kufaulu kwake, kwa sababu chanzo kingekuwa joto la kawaida, masafa ya juu ndiyo yangekuwa na nguvu zaidi.

Mkazi wa Malindi ana sababu yake ya kulijali jambo hili. Jukwaa la San Marco, lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, ndilo lililorusha satelaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, na Novemba 1972 likarusha SAS-2, chombo kilichopima miale ya gama na kuuonyesha ukanda wa galaksi yetu uking'aa kwa miale hiyo. Sehemu kubwa ya gama hizo hutokea pale protoni za kosmiki zinapogonga gesi iliyo baina ya nyota. SAS-2, kwa hiyo, ilipima upande wa protoni na gesi. Antena utakayoijenga itapima upande wa elektroni na uga sumaku.

Hatua ya kwanza: chagua masafa na msimu

Wanaastronomia hueleza nguvu ya mvumo kwa halijoto, yaani joto ambalo rezista ingelazimika kuwa nalo ili itoe mvumo wenye nguvu hiyo. Kwa megahezi 38, sehemu tulivu za anga huvuma kwa takriban kelvini 9,500. Masafa yakipanda, halijoto hiyo huporomoka kwa kipeo cha karibu 2.55, yaani masafa yakiongezeka maradufu hupungua karibu mara sita, hata ikawa kelvini ishirini hivi kwenye megahezi 408, na hapo ndipo ramani mashuhuri ya anga nzima iliyochapishwa mwaka 1982 ilipohitaji darubini kubwa za Jodrell Bank, Effelsberg na Parkes. Masafa ya chini yanamfaa mtu asiye na sahani kubwa, kwa kuwa anga lenyewe hushinda kelele za kipokezi chake.

Mbona basi tusishuke zaidi? Kipande cha kati ya megahezi 25.55 na 25.67 kimetengwa kwa astronomia, na kwa nadharia kinavutia. Tatizo ni kwamba pwani yetu iko karibu na ikweta ya sumaku, ambako ionosfia, yaani tabaka la juu la angahewa linalorudisha mawimbi ya redio, ni nene, na katika miaka ambayo jua limechangamka stesheni na redio za simu za nchi za mbali huruka hadi hapa mchana kutwa kwenye masafa ya jirani. Kwa megahezi 38 hali hiyo ni nadra zaidi, na kipande cha kati ya 37.5 na 38.25 nacho kimo katika orodha ya masafa ambayo astronomia imepewa nafasi. Ndicho nitakachokitumia hapa.

Msimu nao una uzito wake. Kitovu cha galaksi kiko digrii 29 kusini mwa ikweta ya anga, na Malindi iko digrii tatu na robo kusini mwa ikweta ya dunia, kwa hiyo kila siku kitovu hupita digrii 26 tu kusini mwa utosi; kwa Lamu ni digrii 27 hivi. Ulaya na Amerika ya Kaskazini wengi hukiona kikitambaa karibu na upeo wa macho, ilhali kwetu kinapanda juu hasa. Karibu na tarehe 18 Juni kitovu hupita juu kabisa saa sita na dakika ishirini usiku. Karibu na tarehe 18 Julai ni saa nne na dakika ishirini usiku, na katikati ya Agosti ni saa mbili u nusu usiku. Julai na Agosti ndiyo miezi ninayoipendelea, kwa kuwa masika yamekwisha na radi zimepungua. Desemba haifai, maana kitovu hupita adhuhuri kikiwa upande uleule wa jua.

Hatua ya pili: tafuta mahali palipo kimya

Mahali penye giza si lazima pawe pametulia kwa redio. Chaja za simu za bei nafuu, taa za LED, ving'amuzi vya televisheni, inveta za sola na uzio wa umeme ndivyo hasa vinavyojaza masafa haya kwa mikwaruzo, na pikipiki za bodaboda huongeza yake kila plagi inapotoa cheche. Katikati ya mji wa Malindi usijaribu. Nenda Mayungu, au shambani kokote penye umbali wa mita mia tatu au zaidi kutoka kwenye nyaya za umeme. Lamu ina nafuu kubwa kwa kuwa kisiwa karibu hakina magari, lakini Mji wa Kale una nyumba zilizogusana kuta, na kila nyumba ina chaja zake. Afadhali uelekee nyuma ya vilima vya mchanga vya Shela, au upande wa Kipungani, mbali na gati ambako injini za boti hunguruma tangu alfajiri.

Beba redio ndogo ya betri yenye masafa mafupi, izungushe kando ya eneo unalolifikiria, na usikilize. Mvumo uliotulia ni dalili njema. Mlio wa kupigapiga kama saa, au unaobadilika unapogeuza redio, una chanzo kilicho karibu. Umeme wa mtaa ukikatika, jambo ambalo kwa kawaida huleta manung'uniko, kimbilia vifaa vyako na upime mara moja: tofauti kati ya kipimo cha kabla na cha wakati wa giza ndiyo mchango wa majirani zako, na hakuna njia nyingine ya bure ya kuujua.

Mjulishe mwenye ardhi na mzee wa mtaa kabla ya kusimamisha chochote. Nguzo yenye waya na kijana anayekesha na kompyuta huzua maswali upesi, hasa Lamu.

Hatua ya tatu: jenga antena

Antena ni dipoli ya nusu wimbi. Urefu wake wote kwa mita ni 142.6 ukigawanywa kwa megahezi, kwa hiyo kwa megahezi 38 ni mita 3.75, na kila mkono ni mita 1.88. Mikono hiyo miwili hukutana katikati kwenye kipande cha bomba la PVC kilichotobolewa, pasipo kugusana. Waya wa ndani wa kebo hulehemiwa kwenye mkono mmoja, na wavu wa nje wa kebo kwenye mkono wa pili. Kebo ya antena ya televisheni ya omu 75, inayouzwa kila duka la vifaa vya umeme, inafaa zaidi hapa kuliko kebo ghali ya omu 50, kwa sababu ukinzani wa dipoli yenyewe uko karibu na omu hizo.

Inua waya hadi mita mbili kutoka ardhini, ambayo ni robo ya wimbi. Kwa kimo hicho ardhi hurudisha mawimbi juu na antena hutazama utosini. Kwa nguzo, boriti mbili za mikoko zinatosha. Ni nyepesi, haziozi upesi, na, tofauti na bomba la chuma, haziharibu umbo la antena. Nyoosha waya kutoka mashariki hadi magharibi. Dipoli huona finyu zaidi kwa upande wa ncha zake, na kwa kuwa anga hutembea kutoka mashariki kwenda magharibi, mkao huo huufanya mpito wa galaksi uwe mkali kidogo, huku upande wa kusini, kinakopita kitovu, ukibaki wazi. Mchanga mkavu wa vilima haurudishi mawimbi vizuri kama ule wenye maji ya chumvi, kwa hiyo ukiwa juu ya mchanga mkavu tandaza chini ya antena wavu wa kuku, au nyaya sita hivi zilizo sambamba na antena, kila moja ikiwa na urefu wa mita tano.

Kebo inapoachana na antena, iviringe mizunguko sita hadi minane yenye upana wa sentimita kumi na tano, kisha uifunge kwa utepe. Bila mviringo huo wavu wa kebo hugeuka kuwa antena nyingine, na huleta hadi kwenye kipokezi chako kelele za kompyuta yako mwenyewe. Sehemu zilizolehemiwa zifunike kwa silikoni, kwa maana upepo wa kusi una chumvi, na shaba iliyoachwa wazi hugeuka kijani katika wiki chache na kuanza kutoa mikwaruzo yake. Kamba za kushikilia boriti zifungie vitambaa vyeupe. Punda wa Lamu hutembea usiku na hawana habari na astronomia.

Hatua ya nne: kipokezi na kompyuta

Kipokezi cha aina ya RTL-SDR hupokea kuanzia megahezi 24 hivi hadi zaidi ya 1,700, na bei yake ni ya chini. Kelele zake za ndani ni kama kelvini 870, ambazo ni ndogo mbele ya kelvini 9,500 za anga, kwa hiyo usinunue kikuza mawimbi cha antena. Kitakuletea hasara tu. Nunua badala yake kichujio cha kuzuia stesheni za FM za kati ya megahezi 88 na 108, kwa sababu karibu na mji stesheni hizo huweza kukilemea kipokezi hata pale ambapo huzisikilizi.

Zima marekebisho ya otomatiki ya ukuzaji, kisha weka kiwango kimoja usichokigusa tena. Kipokezi kinachojirekebisha chenyewe hufuta jambo hasa unalolitafuta. Kwa kurekodi, programu ya rtl_power inatosha, kwa amri kama hii:

rtl_power -f 37500k:38200k:10k -g 29.7 -i 10s -e 24h mvumo.csv

Amri hiyo hupima nguvu kila sekunde kumi kwa saa ishirini na nne. Kwa upana wa kilohezi 700 na sekunde kumi, mtikisiko wa kibahati wa kipimo ni chini ya sehemu moja katika elfu, kwa hiyo usihangaikie kurefusha muda. Adui mkubwa ni joto. Chini ya paa la mabati ukuzaji wa kipokezi hubadilika kati ya asubuhi na mchana kiasi cha kutosha kuiga kilima cha galaksi, na kwa hiyo kipokezi kikae kivulini, chini ya makuti, ndani ya sanduku la mbao lenye mchanga kidogo wa kulitulizia joto. Kompyuta iendeshwe kwa betri na iwe mbali na antena kadiri kebo inavyoruhusu, mita kumi na tano hivi.

Hatua ya tano: barafu na maji ya moto

Namba ambazo programu hutoa ni za desibeli zisizo na msingi, na hazisemi lolote mpaka uzigeuze kuwa kelvini. Chukua rezista ya omu 75, ilehemu kwenye kipande kifupi cha kebo, uifunge vizuri ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha uiunganishe na kipokezi badala ya antena. Itumbukize kwanza katika barafu iliyopondwa na kuchanganywa na maji, ambayo wavuvi wa sokoni hawatakunyima, na ungoje dakika tano mpaka rezista ifikie kelvini 273. Pima kwa dakika mbili. Ihamishe mara moja kwenye sufuria ya maji yanayochemka, kelvini 373, na upime tena. Viungio vya kebo visiguse maji.

Geuza desibeli kuwa nguvu ya kawaida, kisha ugawe kipimo cha moto kwa kipimo cha baridi. Tuseme jibu ni 1.0875. Kelele za kipokezi ni 373 ukitoa 1.0875 mara 273, halafu tofauti hiyo ukiigawa kwa 0.0875, jibu ni kelvini 870. Sasa unajua pia nguvu inayoongezeka kwa kila kelvini moja, na ukirudisha antena unaweza kusoma halijoto ya anga moja kwa moja. Tofauti ya moto na baridi ni chini ya nusu desibeli, kwa hiyo vipimo hivyo viwili vifuatane upesi kabla kipokezi hakijabadilika. Rudia asubuhi na jioni.

Kipimo cha haraka cha uzima wa mtambo ni hiki: ukiondoa rezista yenye joto la kawaida na kuchomeka antena, mvumo unapaswa kupanda kwa desibeli sita hadi kumi na mbili. Ukipanda chini ya desibeli tatu, kagua kebo na viungio. Ukipanda kwa ishirini, huo si mvumo wa galaksi.

Hatua ya sita: rekodi, ngoja, rekodi tena

Hii ndiyo hatua ambayo nisingekubali mtu airuke. Chora kipimo cha siku nzima. Mikwaruzo ya radi na milipuko ya jua huonekana kama miiba, na huondolewa kwa kuchukua kipimo cha kati cha kila dakika tano badala ya wastani. Kinachobaki kinapaswa kuwa kilima kipana cha saa kadhaa, ambacho kilele chake kiko karibu na saa ile kitovu cha galaksi kinapopita, na bonde lake huja kati ya saa tisa na kumi na mbili baadaye. Kileleni halijoto inaweza kuwa takriban mara mbili ya bondeni. Dipoli ina macho mapana mno, kwa hiyo usitafute ncha ya kilima kwa jicho. Chora mstari wa mlalo katikati ya kilele na bonde, soma saa mstari unapokata kilima wakati wa kupanda na wakati wa kushuka, na uchukue nusu ya njia baina ya saa hizo.

Kilima peke yake hakithibitishi chochote. Mtaa wowote una kilima chake, kinachoanza magharibi watu wanapowasha taa na televisheni na kushuka wanapolala, na kwa bahati mbaya mwezi wa Julai na Agosti kilima hicho hulingana na cha galaksi karibu saa kwa saa. Kinachovitenganisha ni kalenda. Kelele za binadamu hufuata saa ya ukutani. Nyota hurudi mahali pake baada ya saa 23 na dakika 56. Mvuvi anajua kwamba maji hujaa kila siku kwa kuchelewa kama dakika hamsini kuliko jana, akapanga safari zake hivyo. Galaksi nayo huwahi, dakika nne kila siku. Baada ya siku kumi na tano kilele kinapaswa kuwa kimewahi kwa saa moja, na baada ya mwezi kwa saa mbili. Ndivyo Jansky mwenyewe alivyojua: mwanzoni mikwaruzo yake ilielekea kulifuata jua, kisha miezi ilipopita ikaachana nalo.

Rekodi basi siku mbili au tatu mfululizo, acha antena ilivyo bila kuhamisha hata kamba, na urekodi tena baada ya wiki mbili na baada ya mwezi. Kama kilele hakikuhama, hamisha kituo, usibadilishe hesabu. Kama kilihama nusu tu ya inavyopaswa, umechanganya galaksi na mtaa, na rekodi za kuanzia saa nane usiku hadi alfajiri, mji unapolala, zitakusaidia kuvitenganisha. Baada ya jua kutua unaweza pia kuona mvumo ukitikisika kwa dakika kadhaa. Ionosfia ya ikweta huchafuka saa hizo, na vipande hivyo ni bora kuvitupa.

Hatua ya saba: masafa ya pili

Mpaka hapa umethibitisha kwamba mvumo unatoka angani. Ili kuonyesha kwamba si joto, pima tena kwa masafa ya juu zaidi. Megahezi 74 inafaa: antena ni ya mita 1.93 na kimo chake ni mita moja, yaani kila kitu kimepunguzwa kwa uwiano mmoja, na kwa hiyo antena zote mbili huona sehemu ileile ya anga. Rudia kipimo cha barafu na maji ya moto kwa masafa hayo. Hapa anga tulivu ni kelvini 1,700 hadi 1,800 tu, na kelele za kipokezi haziwezi kupuuzwa tena.

Usilinganishe kipimo kimoja na kingine moja kwa moja. Chora grafu yenye halijoto ya megahezi 38 kwenye mhimili wa mlalo na ya megahezi 74 kwenye mhimili wa wima, nukta moja kwa kila robo saa ya saa za nyota (zile zinazohesabu siku kuwa ya saa 23 na dakika 56), na upitishe mstari ulionyooka katikati ya nukta. Kelele zisizobadilika, ziwe za kipokezi au za kebo, huusogeza mstari juu au pembeni bila kubadilisha mwinuko wake, na uzuri wa njia hii uko hapo. Mwinuko ukiwa 0.18, kinyume chake ni 5.56, gawa logi ya 5.56 kwa logi ya 74/38 na utapata kipeo cha 2.57. Zidisha kipeo hicho kwa mbili na utoe tatu: 2.14. Hiyo ni sheria ya elektroni zenyewe, kwamba nishati ikiongezeka maradufu idadi yake hupungua zaidi ya mara nne, na umeisoma kutoka kwenye waya uliofungwa kwenye boriti mbili.

Tahadhari moja ni ya lazima. Kelele za vifaa vya umeme nazo hupungua kadiri masafa yanavyopanda, kwa kipeo cha karibu 2.8, kinachofanana mno na cha galaksi, na ndiyo sababu hatua ya saba haina maana bila ya sita. Jibu lililo kati ya 2.4 na 2.7 linakubalika. Likikaribia 2.1 linafanana na lile la gesi ya moto iliyo baina ya nyota, na likikaribia sifuri umekipima kipokezi chako. Kosa la asilimia kumi katika mwinuko huhamisha kipeo kwa 0.14, kwa hiyo kabla ya kutilia shaka elektroni, kata ncha za antena ya megahezi 74 sentimita moja moja, ulehemu viungio upya, na upime usiku unaofuata.